Picha Iliyokatwa Pembeni

Jamani, mtu akitukanwa na adui hulala usingizi wake. Akitukanwa na kaka yake wa tumbo moja, tena mbele ya watu elfu kumi na moja, hata chakula hakishuki. Hilo ndilo lililomkuta Mama Chipu.

Mama huyu alikuwa fundi wa mashine za zamani za gemu, zile za kaseti, ambazo watu wazima siku hizi wanazisaka kwa udi na uvumba. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari: meza ndefu, taa ya kuinamisha, lenzi ya kukuzia, makopo ya skrubu na harufu ya risasi iliyoyeyushwa. Mashine iliyotengenezwa kabla televisheni hazijawa bapa, yeye aliifungua, akailehemu chipu ndogo ndani, na ikatoa picha safi kwenye televisheni ya leo. Kazi hiyo alifundishwa na kaka yake, aliyemzidi miaka kumi na mbili na ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki.

Kaka mwenyewe watu walimwita Mkaguzi. Alikuwa na mashine zaidi ya mia, zimepangwa kabatini kwa miaka yake, na kila wiki aliandika kwenye ukurasa wake mtandaoni, wenye wafuasi elfu kumi na moja, uhakiki wa gemu, kontrola au waya, mwishoni akitoa alama juu ya kumi. Hakuwa na simile. Kitu kibaya alikiita kibaya, hata kama amepewa bure.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka dada mtu alimwekea chipu kwenye mashine aliyoipenda kuliko zote. Mwezi haujaisha, ikarudi.

"Picha imekatwa pembeni," alisema Mkaguzi. "Na pointi zangu kule juu kwenye kona hazionekani."

Pale karakana kila mashine ilifungiwa kadi kwa uzi, na kwenye kadi fundi aliandika maneno ya mteja kama yalivyotoka mdomoni, bila kuyapamba. Mama Chipu akaandika, kisha akapima. Picha kukatwa pembeni ni jambo la kawaida mashine ya zamani ikikutana na televisheni mpya, kwa hiyo hakushangaa. Alirekebisha mipangilio, akairudisha. Mwezi wa tatu ikaja tena: "Maadui wanatokea ghafla katikati ya skrini." Akabadilisha kapasita zote, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, akasugua meno ya kaseti mpaka yakang'aa. Mwezi wa nne: "Waya umechoka, kingo zote zina giza." Akaweka waya mpya, akacheza saa mbili nzima asione kasoro hata ya dawa. Hasira zikampanda. Chini ya kadi ile akaandika: Mashine nzima. Mteja msumbufu.

Ndipo Mkaguzi alipoandika uhakiki wake. Alama tatu kwa kumi. "Fundi huyu ni damu yangu," aliandika, "lakini ukweli hauna undugu. Ameniharibia mashine na hataki kukiri."

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako. Kesho yake wateja wawili walikuja kuchukua mashine zao kabla hazijaguswa. Mkusanyaji mmoja, aliyekuwa ameahidi kumletea mashine zake zote, akaacha kupokea simu. Miaka kumi na tisa ya kujenga jina, ikabomolewa kwa aya moja! Mama Chipu alilia, akanawa uso, akapakia bisibisi na vipimo vyake kwenye mkoba. Leo atanionyesha hiyo kasoro mbele ya mke wake, alijiapiza, na akishindwa atayafuta maneno yake yote, kaka asiwe kaka.

Saa nne asubuhi alikuwa sebuleni kwa Mkaguzi. Wifi yake alimkaribisha kwa wasiwasi, maana aliwajua wote wawili midomo yao.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kukiri?"

"Nimekuja kuona. Cheza."

Gemu ilikuwa ya kindege kinachoruka kuelekea kulia, na maadui huingia kutoka ukingo huohuo. Mama Chipu hakukaa. Alisimama kando ya televisheni, macho kwenye picha, tayari kwa ugomvi. Adui wa kwanza akaingia: mwekundu, mkubwa, mzito kama konokono. Akajikokota robo nzima ya skrini. Mkaguzi, aliyekwisha kuimaliza gemu hiyo mara zisizo na idadi, hakusogeza hata kidole. Adui akafika, kindege kikalipuka.

"Umeona?" kaka akaja juu. "Katokea tu! Hajatoka popote!"

Mama Chipu alikuwa amemwona adui yule tangu ukingoni. "Hebu rudia," alisema.

Akarudia, akafa vilevile. Mara ya tatu dada mtu hakuitazama tena televisheni. Alimtazama kaka yake. Macho ya Mkaguzi yalikuwa yamekaza palepale kwenye kindege, hayana habari na kingine chochote. Mama Chipu akazunguka polepole nyuma ya kiti, akanyoosha mkono kando ya sikio la kulia la kaka yake, akachezesha vidole. Hakugeuka. Akausogeza mkono mbele kidogo. Hakugeuka. Upande wa kushoto, hivyohivyo. Vidole vilikuwa karibu kumgusa pua ndipo aliposhtuka.

"We! Mchezo gani huo?"

Wifi mtu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, ameyaona yote. "Siku hizi anagonga milango," alisema kwa sauti ndogo. "Juzi kapita juu ya stuli kama haipo. Mimi nikasema ni uzee, yeye akasema stuli imehamishwa."

"Imehamishwa," alisisitiza Mkaguzi.

Siku mbili baadaye walikuwa mbele ya daktari wa macho, mwanamke mpole ambaye alimpima Mkaguzi kwa mashine moja baada ya nyingine. Alipomaliza aliuliza tatizo lilianza lini.

"Mimi sina tatizo," alisema Mkaguzi. "Tatizo lilikuwa la mashine ya gemu."

Mama Chipu akafungua mkoba wake, akatoa zile kadi tatu, nyuzi zikining'inia bado. Daktari akazipokea, akazisoma kwa sauti tarehe kwa tarehe: kona ya juu, maadui wa ghafla, giza la kingo.

"Nani kaandika?"

"Mimi, daktari."

"Wagonjwa wangu wachache sana wananieleza vizuri hivi." Akaendelea kusoma kadi ya mwisho. Mama Chipu alinyoosha mkono aichukue, akachelewa. "Mashine nzima. Mteja msumbufu," daktari akasoma, kisha akaiweka kadi mezani, kifudifudi.

Ni presha ya macho, alisema. Huanzia pembeni, haiumi, na mtu hajui anachokosa mpaka iwe imekula sana. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki watajaribu kukilinda kwa dawa ya matone, na huenda kwa upasuaji. "Mngekuja mwezi wa kwanza," alianza, akauona uso wa dada mtu, akaiacha sentensi hapohapo.

Walikaa kwenye benchi la korido wakisubiri dawa. Mkaguzi, ambaye hata foleni ya benki aliifanyia uhakiki, hii ya dawa hakuipa alama yoyote.

"Toa simu uandike," alimwambia dada yake. "Kwenye ukurasa wangu. Sema fundi hakukosea. Weka kumi kwa kumi."

"Sitaki."

"Jina lako hilo, mdogo wangu."

"Sitaki jina, kaka! Umenijia mara tatu. Mara tatu umeniambia ugonjwa wako kwa mdomo wako, nikauandika kwa mkono wangu huu, halafu nikaenda kubadilisha kapasita." Akalia waziwazi, watu wa benchi la pili wakageuza nyuso.

Mkaguzi alitafuta mkono wa dada yake. Akaukosa, kwa sababu ulikuwa pembeni yake. Mama Chipu akautia mwenyewe kwenye kiganja cha kaka yake.

"Macho ni yangu," alisema Mkaguzi, "nami sikujua. Nimekupaka matope bure." "Kuna kaseti tisa kabatini sijazifungua hata siku moja. Nilikuwa najiwekea za uzeeni, nipate cha kuchezea nikistaafu. Nitaziona?"

"Utaziona," alisema Mama Chipu.

Katika miaka yote kumi na tisa ya ufundi wake, hakuwahi kumwahidi mtu kitu ambacho hajakipima, mpaka siku hiyo.