Viatu Vyako Niliviona

Haya, wewe unayejiona mjanja, tegua kitendawili hiki: nyumba, taa zinawaka, chungu kinachemka, wageni wanakula na kusifia mapishi, lakini mwenyeji hayumo. Usikimbilie kujibu. Tafuna kwanza, nami nikusimulie habari za mpiga gitaa mmoja ambaye watu walimwita Kidole.

Kidole alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, na ishirini kati ya hiyo alikuwa amekula kwa gitaa. Jumatatu hadi Ijumaa alipiga mchana kwenye mkahawa wa hoteli, watu wakitafuna. Jumamosi, harusi. Nyimbo zilezile, shati lilelile jeupe lenye kola iliyolika. Alikuwa amechoka, wala si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Alichoka ule wa kuamka nao na kuvaa nao viatu.

Basi Jumamosi moja, harusi ya binti wa jirani, saa tisa alasiri, joto limejaa ukumbini, Kidole akasinzia. Akasinzia huku anapiga! Vidole vikaendelea vyenyewe, kama punda aijuaye njia ya nyumbani. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, na makofi ndiyo yaliyomwamsha.

"Kumbe ulilala?" Mpiga ngoma alicheka hadi akaangusha kijiti. "Kaka, lala tena! Usingizini hukosei."

Kidole naye akacheka, kisha akavitazama vidole vyake. Ikiwa wimbo haumhitaji, yeye ni wa nini?

Miongoni mwa waalikwa alikuwepo shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mfagiaji wa nyumba ya ibada. Alimjia na sahani yake mkononi.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Si hapo jukwaani, Shangazi. Hukuniona?"

"Viatu vyako niliviona. Nakuuliza wewe."

Kidole akatoa funguo mfukoni. "Hata hivyo gitaa naacha. Shemeji amenipa kazi kwenye ghala lake la rangi. Baada ya wiki tatu naanza, funguo hizi hapa."

"Ghala nalo litataka mtu, si viatu," Shangazi alisema. Akatafuna kidogo. "Haya, kabla hujaenda, nisaidie jambo. Magoti yangu yamegoma. Nikishaketi chini kusali alfajiri, kuinuka ni vita. Uwe unakuja kuniinua."

Nani anamkatalia shangazi? Kesho yake, kabla jua halijachomoza, Kidole alikuwa chumbani kwa Shangazi: kitanda, mkeka, ndoo ya maji yenye kifuniko, na ule ufagio wa kazini umeegemezwa mlangoni. Shangazi akaketi, akafumba macho, akaanza kusema maneno matatu tu, polepole: "Nipo mbele yako." Akanyamaza. "Nipo mbele yako." Kidole akaegemea ukuta, akalala. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Shangazi, Mungu si kiziwi. Mara moja haitoshi?"

"Yeye alisikia ya kwanza. Nasema mpaka nisikie mimi."

"Na usiposikia?"

"Siku nyingi tu sisikii. Naenda kufagia hivyohivyo." Akanyoosha mkono ainuliwe. "Kesho lete gitaa lako. Usinipigie wimbo, nyimbo zako zimenichosha. Uzi mmoja. Uguse, ungoje unyamaze kabisa, ndipo uuguse tena. Hiyo ndiyo itakuwa sala yako, maana maneno umeyashindwa."

Kazi gani hiyo! Siku nne nzima hakusikia kitu ila beseni la jirani na tumbo lake mwenyewe. Uzi ulipolia, mawazo yake yalikuwa yameshafika hotelini. Siku ya tano alichoka hata kuwaza. Akagusa uzi, akaifuata sauti. Ikapungua, ikapungua, ikawa nyembamba kama mvuke wa kikombe kinachopoa. Ilipokatika, kitu kikamkata kifuani.

Akamkumbuka mama yake. Miaka sita nyuma, makaburini, watu walimwomba apige wimbo mama alioupenda. Alipiga bila kukosea hata mara moja. Wakamsifu: mwanamume huyu, kajikaza! Hakulia siku ile, wala kesho yake, wala mwaka uliofuata.

Sasa akalia, gitaa mapajani. Shangazi hakugeuka. Aliendelea na maneno yake matatu hadi alipotosheka, kisha akanyoosha mkono ainuliwe kama kawaida.

Ikafika harusi ya mwisho kabla ya ghala. Ukumbi uleule, joto lilelile. Kidole akafumba macho, akavuta pumzi, akasema moyoni, "Nipo mbele yako," ndipo akagusa uzi. Lo! Alikosea mara nne. Vidole vilipoona vinasikilizwa vilibabaika, kama mtoto anayechunguliwa akiandika. Mara ya tano alichelewa kuingia, kwa kuwa sauti iliyotangulia ilikuwa haijaisha naye hakutaka kuiacha peke yake. Wimbo ule wa furaha, aliokuwa ameupiga mara zisizo na idadi, ulikuwa na kuagana ndani yake. Hakuwahi kujua. Pale meza ya mbele, mama wa bibi harusi akaweka kijiko chini.

"Leo vipi?" mpiga ngoma akanong'ona. "Bora ungelala!"

"Niache leo," Kidole alisema, akijifuta macho kwa kola iliyolika.

Walipopumzika, alikwenda kuketi na Shangazi, aliyekuja kumsikiliza, nyuma ya ukumbi. Mgongo ulimuuma. Akatoa funguo, akaziweka kwenye mapaja ya shangazi yake.

"Mrudishie shemeji. Mwambie asinune."

"Kwa hiyo utaendelea kuchoka?"

"Nitaendelea."

Wakakaa. Mtu akapita akikusanya sahani. Kidole akavitazama viatu vyake muda mrefu.

"Shangazi, siku ile uliniuliza nilikuwa wapi."

"Niliuliza."

"Makaburini," alisema. "Nilimzika mama, nikasahau kurudi nyumbani."