Injini Mbili na Kilo Sitini na Nane

Muuza vipuri alipiga simu Jumamosi, saa tatu asubuhi.

"Dada yangu, umeamkaje? Sikusukumi. Ila kuna mteja anakuja saa sita kamili, anazitaka injini zote mbili. Niambie wewe unabaki na ipi, nyingine aende nayo. Ukinyamaza sitakuwa na la kumwambia. Nimezifunika turubai wiki sita, mpaka mke wangu anauliza ninaficha nini."

"Nitakupigia," alisema mchomeleaji.

"Usipopiga, nitapiga mimi saa sita kasorobo. Wala usijali."

Aliweka simu juu ya benchi, akalitazama gari. Lilikuwa katikati ya banda, nyuma ya nyumba yake: gari dogo la michezo, viti viwili, halina paa wala milango, mabomba matupu yaliyounganishwa kama kizimba. Alilijenga na mdogo wake kwa miaka minne. Ubavu wa kulia alichomelea yeye, wa kushoto akachomelea mdogo wake, na mtu hakuhitaji kuambiwa upi ni wa nani. Mdogo wake alikuwa mwalimu wa hesabu. Mishono yake ilikuwa na vinundu vinundu, na yeye mwenyewe akiiita nakshi.

Kilichobaki ni injini. Moja ilikuwa ya pikipiki kubwa, nyepesi, yenye kelele na kasi. Nyingine ilikuwa ya gari dogo la kawaida, nzito, vumilivu. Walibishana mwaka mzima, kisha wakapanga kukata shauri Jumamosi moja. Alhamisi ya wiki hiyo moyo wa mdogo wake ulisimama akiwa darasani, chaki mkononi.

Miezi miwili ilikuwa imepita. Majirani walimsifu mchomeleaji kwamba amejikaza kweli kweli. Hakuwa amejikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza. Aliamka, akaenda kiwandani, akachomelea mageti ya watu, akarudi, na kila Jumamosi akaingia bandani kupima.

Alipima ni injini ipi italiacha gari na uzito sawa mbele na nyuma. Chini ya kila gurudumu aliweka mizani ya kupimia watu. Moja ilikuwa yake, tatu za kuazima. Jirani wa ukutani aliileta yake na betri mpya ndani, akasema, "Kaa nayo, wala usiirudishe mpaka nikonde." Pale pa injini aliweka sanduku la mbao lililojaa vyuma chakavu. Alikuwa nayo mawili: moja uzito wa injini ya pikipiki, jingine uzito wa ile ya gari. Na kwenye kiti cha dereva aliweka viroba vya mchanga, kilo sitini na nane. Mchanga ukikauka hupungua, kwa hiyo kila Jumamosi aliuongeza kidogo, ufike palepale.

Kwa sanduku la pikipiki, mbele na nyuma vilipishana kilo moja tu. Kwa sanduku la gari, mbele palizidi kwa kilo thelathini na sita. Jibu lilikuwa wazi kama mchana, nalo lilikuwa hilohilo wiki zote sita alizopima. Lakini kila aliposhika simu ampigie muuza vipuri, aliirudisha juu ya benchi.

Saa nne na nusu wifi yake aliingia. Alikuwa mke wa marehemu, muuguzi, ametoka zamu ya usiku na sare yake mwilini. Alibeba mkate na chupa ya chai. Alimmiminia mchomeleaji kwanza, akamshikisha kikombe vidole vyote, kama anavyofanya kwa wagonjwa wake, kisha akatazama kitini.

"Wifi, huyo ni nani?"

"Dereva."

"Dereva gani?"

"Kilo sitini na nane."

Wifi alikigusa kiroba cha juu. Kisha akasema taratibu, "Hata yeye hakuwa sitini na nane. Alikuwa sabini na nne. Nilimpima mwenyewe wodini. Alikudanganya, aliogopa utamcheka kitambi."

Mchomeleaji alikiangalia kikombe. Alingoja kitu kimpande kifuani, kicheko au kilio, chochote. Hakikupanda.

"Mshushe," alisema wifi. "Nataka kukaa mimi."

"Wewe huendeshi."

"Nina wiki ya tatu najifunza. Mwalimu wangu anasali kabla sijawasha gari. Mshushe, bwana."

Walishusha viroba pamoja, kimoja kimoja. Wifi akaingia kwa kujipinda, akaguna, akashika usukani.

"Kilo ngapi?" aliuliza mchomeleaji.

"Tisini na nne. Na ukimwambia mtu, siku ukifa sitakuja kukuzika."

Mchomeleaji aliinama kusoma mizani. Kwa sanduku la pikipiki, nyuma palizidi kwa kilo ishirini na moja. Alibadilisha masanduku kwa mnyororo wa kunyanyulia, akainama tena. Kwa sanduku la gari, mbele palizidi kwa kumi na sita. Akaandika kwa chaki sakafuni.

"Ya gari inakufaa kidogo zaidi," alisema. "Si tofauti kubwa. Ila ya pikipiki haina rivasi. Ukitaka kurudi nyuma unashuka, unasukuma."

"Kwa goti langu hili bovu?"

"Ndiyo."

Wifi alinyoosha kidole mbele, kwenye vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa ndani ya fremu. "Na hivi?"

"Vishikilio vya injini ya pikipiki. Mumeo alivichomelea Jumanne ya wiki ileile, bila kuniambia. Tukichukua ya gari, lazima nivikate."

"Basi alishachagua."

"Alishachagua."

Wifi aliushika usukani kwa mikono miwili, akautazama ukuta kama barabara. "Mimi sitaki gari la kupangusa vumbi, wifi. Nataka kwenda nalo kazini, na nikifika nirudi nyuma, niegeshe kama watu. Ukisema hapana nitakuelewa, nami sitaudhika."

Simu iliita. Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Dada yangu?"

"Ya gari," alisema mchomeleaji. "Ile ya pikipiki mpe huyo mteja."

"Nakuletea mwenyewe jioni. Nauli ya kuileta usiniulize."

Alikata simu. Alivaa miwani, akampa wifi miwani ya pili, akamsaidia kushuka, akampa ubao wa kujikinga ili cheche zisimfikie. Aliweka alama ya chaki chini ya mshono wenye vinundu, akawasha grinda. Kishikilio cha kwanza kilianguka sakafuni, kikalia mara moja. Kilikuwa cha moto. Wifi alikiokota kwa koleo, akakiweka juu ya benchi taratibu.

Mchomeleaji aligeuka upande wa pili, akaweka alama ya chaki.