Mafuta Yaliyoelea

Brashi alikuwa fundi wa kupaka rangi, na fundi wa rangi hafundishwi tabia ya mafuta. Usipolikoroga kopo, mafuta hupanda juu, rangi hulala chini, na ukuta wa watu hutoka mabaka kama paka. Kwa hiyo asubuhi ile, alipoutazama mfuko wa lishe uliokuwa ukining'inia juu ya kitanda cha kaka yake, damu ilimchemka hata kabla ya salamu.

Kaka mtu, dereva wa lori, alikuwa na siku ya sita wodini. Kongosho lilimvimba ghafla, tumbo likawa gumu kama ubao. Tangu hapo akawa analishwa kwa mpira uliopita puani hadi kwenye utumbo. Daktari aliwaeleza wote wawili: utumbo ukikaa bure hudhoofika, na wadudu waliomo wanaweza kupenya hadi kwenye damu. "Hapo ndipo tunapowapoteza watu," alisema. Ndiyo maana aliagiza mafuta ya samaki yachanganywe na lishe. "Siapi kwamba yatamponya. Lakini huenda yakatuliza uvimbe, yakaulinda utumbo. Tujaribu."

Sasa juu ya lishe nyeupe palikuwa na utando wa manjano, unene wa kidole, umeng'ang'ania plastiki kama kupe. Chini, mpirani, hakikupita hata chembe cha manjano.

"Sista! Haya mafuta mnayakoroga saa ngapi?"

Muuguzi alikuwa akisukuma toroli la dawa. "Hayakorogwi. Tunayamimina humo mfukoni, basi."

"Halafu?"

"Lishe ikibaki kidogo tunatupa, hewa isije ikaingia mpirani. Tunatundika mfuko mwingine."

"Mnatupa na mafuta yake?"

"Kaka, mimi nina vitanda thelathini. Wewe una kimoja."

"Na hicho kimoja amelala ndugu yangu!"

Mgonjwa alifumbua jicho moja. "Mdogo wangu, punguza sauti. Miaka ishirini nimetia lori mafuta kwa mpira. Leo lori ni mimi."

"Lori lenyewe halijapata tone, kaka! Wanamwaga chini!"

Dereva akacheka, na kicheko kikamkata tumbo. Akaishika shuka hadi vidole vikapauka. Brashi alipoona hivyo, akachomoa karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Mafuta ya samaki: amepewa. Amepewa. Amepewa. Amepewa. Siku nne, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza.

"Amepewa nani? Ndoo ya taka?"

"Rudisha hiyo karatasi. Si yako."

"Na utumbo ni wa nani?"

Makelele yalimleta daktari, na mlinzi nyuma yake. Brashi hakungoja kuulizwa. Alinyoosha kidole kwenye ule utando. Daktari aliutazama mfuko, akaitazama karatasi, akaurudia mfuko. Uso ukamshuka.

"Jana niliona homa inapanda," alisema polepole. "Nikasoma hapa, siku nne amepewa. Nikasema basi, hayamsaidii. Leo nilikuwa nakuja kuyafuta."

"Ungefuta kitu ambacho hakijamfika!"

Daktari alitoa kalamu nyekundu, akalikata kila "amepewa", yote manne, akaandika: siku ya kwanza, leo.

Siku nne! Siku nne utumbo wa mtu ulingoja, na dawa yake iko juu ya kichwa chake, inaonekana kwa macho. Na hakuna aliyesema pole.

"Mimi nilifundishwa kumimina tu," muuguzi alisema, macho chini.

"Basi tazama," Brashi alimwambia.

Daktari alifunga mpira. Brashi akaushusha mfuko, akaupindua taratibu, mara huku, mara kule, kama kopo la rangi ghali. Utando ukakatika, ukayeyuka, lishe yote ikawa rangi moja.

"Kila nusu saa," alisema akiurudisha. Kisha akainua macho. Upande wa dirishani, juu ya kitanda cha mzee ambaye hakuna aliyewahi kuja kumtazama, ulining'inia mfuko mwingine. Kileleni mwake, utando uleule wa manjano.

"Sista!" aliita, na safari hii kaka yake hakumwambia apunguze sauti.