Kimo cha Mama Fundi

Jumamosi asubuhi Fundi alimsimamisha mama yake juu ya meza ya cherehani, kando ya kopo la vifungo, akampima gauni la sherehe. Sentimita thelathini na nne, toka utosini hadi kisiginoni.

"Usinibane kwapani," mama alisema. "Leo nitapigwa picha."

"Tulia basi, mama. Nina pini mdomoni."

Zamani mama huyo alikuwa na mita moja na sentimita sabini na mbili, na mlango wa jikoni kwao aliuingia kwa kuinama. Kilichompunguza kinajulikana: ngazi za shule. Binti yake, Fundi, alizaliwa na miguu isiyosimama, na shule iliweka darasa la nne hadi la saba ghorofani, ngazi ishirini na sita kwenda juu. Mama alipoomba darasa lishushwe, mwalimu mkuu alimweleza kwa upole kwamba chumba cha chini kimejaa madawati mabovu. Basi madawati mabovu yakakaa chini, raha mustarehe, na mtoto akapandishwa mgongoni mwa mama yake kila siku ya shule kwa miaka minne.

Ngazi zile humega anayebeba mtu. Kwa siku zilimmega karibu milimita mbili. Nguvu hazikupungua, kimo tu. Mwaka wa mwisho walimu walishazoea kumwona akipita chini ya binti yake kama sisimizi chini ya punje ya mahindi. Walimpisha, wakamwambia, "Pole, mama." Pole! Watu wazima, funguo za chumba cha chini zikiwalia mfukoni.

Sasa shule hiyohiyo ilikuwa imemteua kuwa Mama Bora wa Mwaka. Sherehe ilikuwa ukumbini, na ukumbi uko juu ya ngazi zilezile.

"Spika zimeshafungwa huko," mwalimu mkuu aliwaambia walipofika chini ya ngazi, akitazama saa yake. "Na mama si amezoea?"

Mama akateremka toka mapajani mwa binti yake, akakishika kiti cha magurudumu kwa mkono mmoja, akageuza mgongo.

"Haya, panda. Tunachelewesha watu."

"Sipandi."

"Mwanangu, ni ngazi tu."

"Mama, ulichobakiza ni hicho nilichokishonea gauni asubuhi. Sitakimaliza mimi."

Wazazi wawili wa kiume walijitokeza, wakasema watakiinua kiti. Fundi akawauliza, "Miaka minne mlikuwa wapi?" Wakampisha.

Akamtia mama kifuani, ndani ya blauzi, kichwa kikichungulia kolani. Akashuka kitini, akaanza kupanda kwa makalio, kinyumenyume, ngazi moja kisha nyingine. Mshereheshaji alipiga wimbo uleule mara tatu. Alipofika juu, mikono ya blauzi ilikuwa imemteremka kidogo. Milimita mbili. Mwingine asingeona, lakini yeye ni fundi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo roho yake ikatulia.

Cheti kilikuwa cha fremu, kirefu kuliko mama, kwa hiyo wakakiegemeza nyuma yake. Fundi akapewa kipaza sauti aseme neno moja kuhusu upendo wa mama.

"Mama yangu alikuwa mrefu," alisema. "Alinifundisha kusoma kabla ya hapa. Alinipa cherehani yake mwenyewe. Hivyo alivitoa kwa mapenzi yake, nami nampenda mpaka naumwa. Kimo hakukitoa. Kimo mmekichukua ninyi, ili madawati mabovu yasisumbuliwe. Fungueni kile chumba. Leo."

Watu walisimama wakapiga makofi mpaka vioo vikatetemeka. Wengine walilia. Mwalimu mkuu alifuta miwani, akasema hajapata kusikia maneno matamu namna ile, na kwamba muhula ujao picha ya mama itatundikwa pale kwenye ngazi, iwatie moyo wazazi wengine.

Kisha akamwita mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni na begi la shule shingoni, apigwe picha na mshindi. Mwanamke akapiga magoti ili waonane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wako yuko la ngapi?"

"Ndiyo kwanza la nne."

Mama akamtazama toka kichwani hadi miguuni, kimo chote kile. Fundi alitamani kuzing'oa zile ngazi kwa meno.

"Ukipanda, jibane ukutani," mama alimwambia. "Katikati zinamega zaidi."

Mwanamke akashukuru kwa adabu, akamkaza mtoto mgongoni, na mpiga picha akawaomba watabasamu.