Sogea Kidogo

Jumanne moja mwishoni mwa Januari, Navalayo alifungua mlango wa nyumba yake kuchukua ndoo ya maji aliyoiacha usiku kando ya kizingiti. Alinyoosha mkono akakosa. Ndoo ilikuwa pale pale alipoiacha, karibu na jiwe la kunolea panga, na maji yake hayakuwa yamemwagika. Nyumba ndiyo iliyokuwa imesogea, hatua mbili hivi, kuelekea ua wa michongoma. Navalayo akaiomba ndoo msamaha, akaifuata, akarudi ndani kuchemsha chai.

Kuomba msamaha ilikuwa desturi yake. Aliomba viti msamaha kabla ya kuvikalia, na mbuzi alipopishana nao njiani. Alikuwa mwanamke mkubwa, mpana wa mabega na wa kicheko, na tangu utotoni watu wa Lumakanda walikuwa na neno moja tu kuhusu upana huo: sogea kidogo. Shuleni dawati moja lilikaliwa na wasichana watatu. Mwalimu alisema Navalayo sogea kidogo, naye akasogea, hata akamaliza darasa la nane akiandika kwa tako moja, jingine likiwa hewani. Katika picha za harusi za majirani, yeye ni lile bega la pembeni. Aliolewa Kabras, kwenye miwa, na mumewe alipoleta mke wa pili, Navalayo aliombwa asogee kidogo ili mwenzake apate nafasi. Akasogea mpaka kwao.

Kwao ni shamba la mahindi alilopata marehemu baba yake wazungu walipoondoka. Sasa lilikuwa mikononi mwa mdogo wake, Patroba, ambaye Navalayo alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Mama yao, Muhonja, alipokuwa hai alimpa binti yake mahali pa kujenga nyuma ya jiko: nyumba ya udongo, vyumba viwili, mabati juu. Alipokaribia kufa alimshika mkono akamwambia, "Usiniache peke yangu na hawa." Akazikwa mbele ya dirisha la Navalayo. Kila jioni Navalayo alifungua dirisha hilo akampa mama yake habari za siku, nani ameoa, nani ameibiwa kuku, bei ya mafuta ya taa. Hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka aachwe pale dirishani.

Patroba hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, na maombi yake yalikuwa marefu hata chakula kikapoa. Hakuwahi kumfukuza dada yake. Kila msimu wa kupanda alikuja tu, kofia mkononi, akasema, "Dada, sogea kidogo, tupate mstari mmoja wa mahindi hapa." Mwaka mmoja Navalayo aling'oa sukuma wiki zake. Mwaka uliofuata akavunja kibanda cha kuku, na kuku wakahamia chini ya kitanda. Mahindi yalikaribia mpaka majani yakawa yanakwaruza ukuta. Nyumba nayo ikaanza kujibana. Chumba cha kulala kilipungua polepole, kitanda kikagusa kuta zote mbili, na Navalayo akawa anakipanda kwa upande wa miguuni. Hakushangaa. Yeye mwenyewe alikuwa amevuta tumbo ndani tangu ujana wake, kwa hivyo aliielewa.

Upande wa pili wa ua aliishi Cherono. Ndiye aliyekaa katikati ya lile dawati. Alikuwa mwembamba kiasi cha watu kumuuliza mumewe, Kibet, kama anamlisha, na yeye na Navalayo wakijumlishwa ndipo unapata wanawake wawili wa kawaida. Kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani, kwa hivyo urafiki wao wote, pamoja na ugomvi wake, ulikuwa umefanyika kwa Kiswahili.

"Navalayo," Cherono aliita asubuhi ya tatu akiwa anakamua ng'ombe. "Nyumba yako inakuja."

"Naona. Pole sana."

"Pole ya nini? Wewe ulikuwa unaisukuma?"

"Mimi nilikuwa nimelala."

"Basi iache ikuje," Cherono akasema, akarudia ng'ombe.

Nyumba ilitembea wakati Navalayo amesinzia. Ndotoni alisikia chini ya kitanda sauti kama ya ng'ombe mzito anayeongozwa kwenye umande, bila haraka, na harufu ya mabua yaliyolowa ikaingia kwa mlango. Vikombe havikugongana. Kuku walilala fofofo. Asubuhi alikuta miti imebadilisha mahali, mlima ukiwa kwenye dirisha jingine, na jua likimpiga sikio badala ya macho. Mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuja Ijumaa, akabisha hodi mahali nyumba ilipokuwa Jumatatu, akangoja kidogo kwa heshima, kisha akaja kubisha ilipo. Naibu wa chifu alipita na pikipiki akauliza kama kuna mimea ya mtu iliyoharibiwa. Akaambiwa inapita kwenye mabua tu, mahindi yalishavunwa. Akasema basi hakuna kesi.

Taabu ilikuwa dirisha. Kila jioni Muhonja alikuwa mbali zaidi, na Navalayo alilazimika kupaza sauti, na habari nyingine hazikuwa za kupazwa. Watoto wa Patroba walikaa kwenye majani wakamsikiliza senje wao, yaani shangazi, na kwa njia hiyo wakajua ni kwa nini mhubiri alihamishwa. Kilichomuumiza Navalayo hakikuwa hicho. Alikuwa ameahidi kutomwacha mama yake, na sasa alikuwa akimwacha usiku baada ya usiku, akiwa amelala.

Akaazima kamba ya ng'ombe kwa Cherono, akaifunga nyumba kwenye mparachichi. Asubuhi kamba ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa kizingitini, nyumba ikiwa imeendelea na safari.

"Kamba haisaidii," Cherono akamwambia. "Hii kitu ilisikia mtu. Na hiyo mtu si wewe."

Navalayo akaelewa. Akavaa leso safi akaenda kwa Patroba, akamkuta barazani akisafisha mbegu. Alisimama, kwa sababu viti vya Patroba vilikuwa na mikono na yeye hakupenda kuvisumbua.

"Patroba, nimekuja kuomba neno moja tu. Hii nyumba inakusikianga. Ukiiambia ibaki, itabaki."

Patroba akaendelea kupepeta. "Imefika wapi?"

"Imekaribia kwa ua."

Akainuka kutazama. Pale nyumba ilipokuwa pamebaki ardhi nyeusi, laini, iliyopumzika kwa miaka mingi. Aliitazama kwa muda mrefu. Navalayo alimtazama yeye, kisogo kile kile alichokizoea, maana ndiye aliyekuwa akimnyoa utotoni.

"Dada," Patroba akasema, "mimi si mtu wa kuingilia mambo ya nyumba ya mwingine."

"Ni neno moja, Patroba. Ibaki. Mama yuko hapo."

"Acha tuiombee."

Akavua kofia, akafumba macho, akaiombea nyumba safari njema. Aliomba ilindwe barabarani na ifike salama iendako. Yalikuwa maombi marefu. Navalayo alisema amina kwa mazoea, akarudi kwake akilia, na kwake, kwa mara ya kwanza akiwa macho, palikuwa mbali zaidi kidogo kuliko alipopaacha.

Jioni hiyo hakufungua dirisha. Nyumba ilikuwa imefika kwenye ua, na michongoma, ambayo humchana hata mbwa, ilikuwa imeachana katikati. Cherono alisimama upande wa pili na panga, akikata matawi ya juu yasikwaruze mabati. Kibet alikuwa ameshahamisha kigingi cha ndama. Aliomba jambo moja tu, kwamba nyumba isikae kwenye njia ya ng'ombe.

"Nitawabana," Navalayo akasema kutoka mlangoni. "Ni kubwa, Cherono. Nitaiambia isimame hapa hapa kwa ua, nusu kwenu, nusu nje."

Cherono akashusha panga. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya muda mrefu.

"Nani alikuambia ni kubwa? Tangu darasa la kwanza unakalianga tako moja. Mimi nilikuwa hapo katikati, nakuona unatetemeka mguu, na sikusema kitu, na hiyo inaniumanga mpaka leo. Navalayo, leta yote."

"Yote?"

"Yote! Hata hiyo tumbo. Iachilie, kwani unaiwekea nani?"

Navalayo akaachilia tumbo. Likatoka polepole, kwa mashaka, likafika lilipokuwa likitaka kufika siku zote. Alicheka, na kuku wakatoka chini ya kitanda kuona kuna nini. Usiku ule hakuota chochote. Alipoamka alikuta nyumba iko kwa Cherono, nyuma ya zizi, pembeni mwa njia ya ng'ombe, na nayo ilikuwa imejiachilia. Kati ya kitanda na ukuta palikuwa na nafasi ya kiti, na kati ya kiti na ukuta palikuwa na nafasi ya kiti cha pili. Cherono akaleta viti. Jumapili iliyofuata Navalayo aliingia kanisani akakalia benchi kwa matako yote mawili. Benchi lilistahimili. Mwenye kukaa pembeni alimtazama akingoja, na Navalayo akafungua kitabu cha nyimbo.

Patroba alilima palipokuwa na nyumba, pamoja na palipokuwa na kizingiti na jiwe la kunolea. Ng'ombe wa plau walizunguka kaburi kwa karibu sana, udongo ukaangukia miguu ya msalaba. Navalayo aliona kutoka uani. Alipiga kelele mara moja, "Patroba, hapo ni mama!" Patroba akainua kofia kumsalimia. Jioni ile ilinyesha mvua ya kwanza, na kutoka mahali papya pa nyumba hadi kaburini hakuna sauti iliyoweza kuvuka. Navalayo alikaa dirishani akamwambia mama yake habari zote hata hivyo, kwa sauti ya chini, kisha akamwomba radhi.

Asubuhi alifungua dirisha akakuta kaburi liko hapo mbele. Lilikuwa limekuja na msalaba wake na maua yake, udongo ukiwa umetulia vizuri, umelowa kidogo ubavuni kama aliyepita kwenye umande. Muhonja pia, katika maisha yake, alikuwa ameambiwa mara nyingi asogee.

Cherono alikuja na chupa ya chai. Akasimama, akasoma jina msalabani, akarudi kwake kuchukua kikombe cha tatu. Kibet alitoka zizini, akapima kwa macho, akasema hata huyu hayuko kwenye njia ya ng'ombe.

"Karibu, mama," Cherono akasema, akimimina. "Hapa kaa vile unataka."

Ng'ambo ya ua, watu walikuwa wameanza kupanda. Navalayo alimwona Patroba akifika pale palipokuwa na kaburi la mama yao. Alisimama, akavua kofia, na kwa muda Navalayo alidhani atasema kitu kwa ajili ya mama. Akapima mahali pale kwa hatua, kwenda na kurudi, akavaa kofia, akawageukia wapandaji na debe lake la mbegu.

"Sogeeni kidogo," akawaita. "Huku bado kuna nafasi."