Ushauri wa Veikka kwa Wanaotafuta Kazi

Veikka Hietanoja nilimfundisha mwenyewe kusalimia watu. Naliweka hili mbele ili mtu asije akasema nilikuwa na roho mbaya tangu mwanzo. Tulipokuwa mwaka wa tatu hapa chuoni Oulu, alikuwa akiingia kwenye maonyesho ya ajira, anakusanya peremende na kalamu za bure, anatoka. Nikamwambia, peremende haziajiri mtu. Muulize mhandisi kazi yake inamsumbua wapi, kisha nyamaza umsikilize. Liandike jina lake. Baada ya siku mbili mtumie barua fupi, usiombe kitu, mshukuru tu kwa jambo moja alilokuambia.

Mimi ndiye niliyeshughulikia mahusiano na kampuni katika chama cha wanafunzi wa uhandisi. Ovaroli tunazovaa kwenye sherehe za chama hushonwa nembo za kampuni zinazolipia, na nafasi za nembo hizo niliziuza mimi, simu baada ya simu. Kwa kazi hiyo nikamfahamu mama mmoja, Raili Ylitörmä, mkuu wa usanifu katika kampuni moja ya pampu nje ya mji, na mwaka mzima nikawa naongea naye. Sisi hatuhitimu bila tasnifu, na tasnifu tunaifanyia kiwandani. Kiwanda kikikupenda, unabaki hapo hapo na ajira. Raili alikuwa na nafasi moja tu. Akaniambia nimtumie barua ya maombi Februari. Kwa furaha, na kwa ujinga wangu, nikamsimulia Veikka.

Sijaituma hata barua, nafasi ikawa ya Veikka.

"Tuire dada'angu, usinichukie," aliniambia kantini huku akimenya viazi vya kuchemsha. "Raili mwenyewe kanipigia. Kasema wanataka mtu mwenye alama za juu kidogo."

Nilimwamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko nafasi yenyewe. Wiki tano nilitembea na aibu isiyo yangu, nikijiona mpungufu. Sikumpigia Raili kumuuliza, wala yeye hakunipigia. Kwetu kumchokonoa mtu mambo yake ni kukosa heshima. Unangoja aseme mwenyewe. Veikka alilijua hilo, akautegemea ukimya wetu sote wawili.

Machi chama kikaenda kuitembelea kampuni ile, wanafunzi ishirini na sita, na mpangaji wa safari mimi. Tukazungushwa kiwandani, kisha kama ilivyo kawaida wageni wakakaribishwa sauna, chumba cha kuogea mvuke, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Veikka akaenda upande wake akipiga mluzi. Alikuwa amekumbuka kila kitu isipokuwa kwamba mimi na Raili tungekaa uchi kwenye benchi moja.

Wenzangu walipotoka kupoa kwenye theluji, tukabaki wawili. Raili akamwagia mawe maji, akangoja mvuke utushukie, ndipo akafungua kinywa.

"Nisamehe nikiuliza. Vipi, Stockholm wameghairi kukuajiri?"

"Stockholm gani?"

"Si umepata kazi huko? Veikka kaniambia tangu Januari. Kasema unaona haya kuniambia mwenyewe, ndiyo maana umemtuma yeye. Nikasema basi, mtoto wa watu kapata kikubwa, nisimsumbue."

Niliteremka benchi la chini ili nimwone usoni.

"Sijamtuma mtu, mama. Na Stockholm sijawahi kuomba hata kazi ya kufagia."

Raili akaweka kata ya maji chini. "Jumatatu ndiyo anasaini mkataba," akasema. "Nikitoka hapa namwita."

"Usimwite. Kwenye ratiba ana dakika kumi baada ya chakula, awape wadogo zetu ushauri wa kupata kazi. Mwache aongee kwanza."

Akanitazama. "Mtoto, una roho ngumu."

"Nimeipata leo."

Baada ya soseji na saladi ya viazi, Veikka akasimama, uso mwekundu kwa mvuke, kajaa furaha.

"Wadogo zangu, siri ni watu!" akaanza. "Usiombe kazi, uliza maswali. Andika majina. Shukuru. Na zaidi ya yote uwe mkweli, maana hawa wa viwandani wananusa uongo kutoka mbali."

Maneno yangu yote, moja baada ya jingine, isipokuwa hilo la mwisho. Raili alikuwa anapaka soseji yake haradali, polepole.

"Kuna swali?" nikauliza.

Raili akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi ninalo. Nani alikuonyesha mlango wangu?"

Veikka akacheka. "Aa, bosi, juhudi tu."

"Haya. Na Tuire anaanza lini kazi Stockholm?"

Veikka akageuka kunitazama. Mtu mmoja tu angeweza kumwokoa kwa mzaha mdogo, nami ndiye niliyekuwa nimesimama karibu naye. Nikaacha watu wote wamtazame hadi masikio yakamwiva.

"Jumatatu usije," Raili akamwambia. "Tuire, njoo wewe, saa mbili asubuhi."

Veikka alinifuata nje, penye basi. "Ungenivuta pembeni, Tuire! Mbele ya watu wote, kweli?"

"Mambo ya pembeni ni yako wewe."

Akainamisha kichwa. "Sawa, nimekosa. Lakini mimi nitahitimuje? Kila mahali wamekwishajaza. Humjui mtu mwingine? Hata kampuni ndogo tu, dada'angu."

"Nawajua wote, Veikka. Hiyo ndiyo shida yako."

Sikumzulia neno. Theluji ilipoyeyuka, wahandisi walianza kunipigia mmoja mmoja: huyu Hietanoja aliyetuandikia barua nzuri hivi, ni mtu wa namna gani? Nikawajibu ukweli mtupu, kwa sauti ya upole, na kila nilipokata simu nilisikia utamu. Huu ni mwaka wa pili sasa, bado hajahitimu.