Mafuta ya Namba Tisa

Mimi si mtu wa kusengenya, lakini huyu Parmuat nitamsema, na nitamsema mbele ya yeyote. Ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu Isaac. Alisomeshwa kwa ng'ombe wa babake, mmoja baada ya mwingine, mpaka zizi likabaki na mavi tu. Sasa yuko chuo kikuu Nairobi anatafuta udaktari. Si udaktari wa kukutibu ukiumwa, la. Udaktari wa maganda ya embe.

Umesikia vizuri, maganda na kokwa. Embe lenyewe, ile sehemu mtu mwenye akili anakula, halikumhusu. Kila Jumamosi alizunguka kwa akina mama wa juisi pale Noonkopir akiokota walichotupa. Alijaza magunia, akayaleta hapa kwetu nje ya Kitengela, na akayaanika juu ya mabati ya nyumba yangu. Nzi walikuja mpaka ukinywa chai unafunika kikombe na kiganja. Nikimuuliza, ananiambia, "Mama Soipan, hii ni rasilimali. Ganda lina nyuzinyuzi, lina vitamini. Ndani ya kokwa kuna wanga na mafuta. Kenya nzima inatupa chakula." Anasema hivyo akitazama juu ya kichwa changu, utadhani anahutubia mtu mrefu aliyesimama nyuma yangu.

Kondoo aliwaomba kwa mamake, yaani mama mkwe wangu, ambaye sote pale bomani tunamwita Koko. Akawagawa makundi mawili. Kundi moja lilikula nyasi kavu peke yake, ati ni kundi la mlinganisho. Lingine lilikula nyasi pamoja na unga wa maembe, na hao akawatoboa masikio akawatia vibati vya njano vyenye namba. Mwanzoni aliwapa maganda mabichi, wakaharisha zizi zima. Aliyesafisha si yeye, ni mimi na Linda. Baadaye akajifunza kukausha maganda, na kuloweka kokwa ili ule uchungu utoke kabla ya kusaga. Hapo sitamnyima haki yake, maana sina ugomvi na maembe. Mvua ilipokosa na mifugo ya majirani ikabaki mifupa, wale wa vibati vya njano walinona. Mikia ilijaa mafuta mpaka ikawa inatingika wakitembea.

Linda ni mke wake, binti wa watu wa Illasit. Bwana mkubwa alikuwa Nairobi akiandika, na Linda ndiye alikuwa anapasua kokwa, anaziloweka, anazisaga, tumbo limefika hapa. Siku moja nilimkuta ameketi chini kando ya kinu anahema, nikamwambia aache. Akacheka, akasema, "Mama Soipan, Parmuat akipata hiyo digrii na mimi nitapumzika." Niliona huruma na nikaona hasira, vyote kwa pamoja.

Kati ya wale kondoo kulikuwa na jike mmoja mwekundu ambaye hakuwahi kuzaa. Sisi tulimwita Nado, kwa sababu kwa Kimaasai mwekundu ni nado, na kondoo lazima aitwe kitu. Parmuat alitukataza. "Msiwape majina, mtaharibu utafiti. Huyu ni Namba Tisa." Kila akija alimning'iniza kwenye mizani pale mlangoni mwa zizi, anaandika, anatabasamu peke yake. Parmuat hakuwahi kumwangalia mkewe hivyo, na ninasema nilichokiona.

Linda alijifungua hospitali, mtoto wa kike, na akapoteza damu nyingi. Alirudi nyumbani midomo imekuwa myeupe, akisimama anashika ukuta. Sasa kwetu, mwanamke akijifungua, anachinjiwa kondoo. Hilo halina mjadala. Kondoo huyo huchinjwa na wanawake wenyewe, mwanaume hasogei hata pale damu ilipomwagika, na yale mafuta huyeyushwa na mama akanywa mpaka nguvu zimrudie. Na kondoo lazima awe amenona, kwa sababu utayeyusha nini kwa aliyekonda? Koko alizunguka zizi lote akipapasa mikia. Wa kundi la mlinganisho walikuwa ngozi tupu. Akarudi amemshika Nado.

Parmuat alifika saa hiyo hiyo kutoka Nairobi kumwona mtoto. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi kutoka supamaketi ya Kitengela. Hata hajaingia kwa mkewe, akaona mkono wa mamake kwenye sikio la yule kondoo.

"Yeyo!" akamwita mamake. "Huyo ni Namba Tisa!"

"Ni kondoo," Koko akasema. "Ni wangu, na ni wa mke wako."

"Huyo ndiye anaongoza kundi lote. Wiki ijayo wakaguzi wanakuja kutoka kwa wanaotoa pesa za utafiti. Nikimkosa huyo, wastani wote unaanguka."

"Nani anaanguka?" Koko akauliza, kwa sababu aliyekuwa anaanguka tulimwona sisi, alikuwa ndani ameshika ukuta.

Hapo ndipo alipofungua ule mfuko. Akatoa nini? Mkebe wa mafuta ya kupikia! Mafuta ya duka, yale ya kukaangia mandazi. Akaushika kwa mikono miwili akamnyooshea mamake. "Mafuta ni mafuta, Yeyo. Tumboni yote yanavunjwa kitu kimoja. Hayo mengine ni imani tu."

Haki ya Mungu! Nilimwangalia tu kuanzia viatu vyake vya kung'aa mpaka miwani. Mtu amezaliwa juu ya ngozi ya kondoo, mamake akanywa mafuta ya kondoo ndipo yeye akapata maziwa, na leo anamletea mkewe mafuta ya mandazi. Nilimdharau kwa roho yangu yote.

"Daktari," nikamwambia, "kama mafuta ni mafuta, si uwape hao wakaguzi wako mkebe waupime?"

Koko hakubishana. Alimwambia, "Sisi tunaenda kuchinja. Wewe unajua mahali mwanaume anasimama." Na kwa elimu yake yote, alisimama hapo. Aliogopa. Alibaki nyuma ya ua wa miiba akinyoosha shingo na kutupigia kelele, "Basi mnipimie hata mkia! Mama Soipan, tafadhali, nichukulie kilo za mkia!" Wanawake walicheka mpaka kisu kikataka kumponyoka Koko.

Linda alikunywa yale mafuta. Siku za kwanza alikunywa amefumba macho, baadaye akawa anaomba mwenyewe. Midomo ikarudi rangi. Maziwa yakaja, mtoto akanyonya mpaka akawa analala na tone kwenye kidevu. Mimi nilifurahi, nikafikiri yamekwisha. Sikujua huyu mtu bado ana akiba ya ujinga.

Wakaguzi walikuja, mama mmoja mtu mzima anaitwa Daktari Evalyne na kijana wake wa kuandika, Wahome. Watu wa heshima kabisa. Yule mama aliniamkia kwanza, akasema "Takwenya," nikamwitikia "Iko," akauliza habari za mvua. Tukawapa chai. Kisha wakaenda zizini, na Parmuat akawaeleza unga wake vizuri, hilo nakubali, kwa kuongea ni hodari. Mama akashika mkia wa kondoo mmoja mwenye kibati, akamwangalia mwenzake wa kundi la mlinganisho, akatingisha kichwa kwa mshangao. Alipenda. Ilibaki kidogo tu amalize na aende zake.

"Na Namba Tisa?" akauliza. "Ndiye mlikuwa mnamsifu kwenye ripoti."

Tulikuwa tumesimama pale wote. Mimi, Koko, Isaac mume wangu. Nyumba ya Linda iko hatua chache tu kutoka zizini na dirisha lilikuwa wazi. Parmuat alirekebisha miwani.

"Kwa bahati mbaya," akasema, "Namba Tisa alichukuliwa na fisi."

Koko hakuelewa, kwa sababu Parmuat alisema kwa Kiingereza. Isaac alielewa, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nafungua mdomo, na ningesema mambo ambayo yasingerudi, lakini mlango wa nyumba ukafunguka.

Linda alitoka taratibu, mtoto kifuani, kile kikombe chake cha mafuta mkononi. Alitembea mpaka mbele ya wageni. Hakumwangalia mumewe.

"Daktari, karibu," akamwambia yule mama. "Fisi ni mimi."

Aii! Akainua kikombe kidogo ili waone. "Namba Tisa yuko hapa. Nilijifungua, nikaishiwa na damu, nikachinjiwa. Mume wangu anaona aibu kusema nilikula utafiti wake. Lakini mimi ndiye nilisaga kokwa za kumnonesha, kwa hivyo tusameheane."

Daktari Evalyne alimwangalia, kisha akamwangalia mtoto, akavua kofia. Alipomgeukia Parmuat sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Kijana, ungesema amechinjiwa mke wako aliyejifungua, ningeandika hivyo, mstari mmoja, tukaendelea. Wanyama hutoka kwenye utafiti kila siku, na sababu huandikwa. Sasa mimi nitajuaje ni nini kingine hapa kililiwa na fisi?" Akamwambia Wahome wafunge mafaili. Pesa zilisimamishwa mpaka kila namba ihakikiwe upya. Parmuat aliwafuata mpaka kwa gari akieleza, na gari likaondoka yeye bado anaeleza.

Aliporudi alikuta Linda anafunga nguo kwenye leso. Alimwambia, "Linda, ilikuwa ni namna ya kusema tu." Linda akaendelea kufunga. Kaka zake walikuja kumchukua, akaenda kwao Illasit na mtoto wake. Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani nikilia, sifichi.

Bwana mkubwa akadhani atarudi mwenyewe. Akangoja. Akapiga simu, haishikwi. Mwishowe akamwendea Isaac, amekonda, ndevu zimeota ovyo, na Isaac akaongea na wazee wa Illasit. Jibu likaja fupi: mwanaume aliyemwita binti yetu mgonjwa fisi haongei na sisi mikono mitupu. Alete kondoo aliyenona kwanza. Akishaleta, tutamsikiliza, na binti ataamua.

Sasa tafuta kondoo aliyenona kwa ukame ule! Parmuat alizunguka soko la mifugo huko na huku, wote walikuwa wanasimama kwa kusaidiwa. Aliporudi jioni alienda moja kwa moja zizini akaegemea ua. Nilikuwa nakamua mbuzi. Nilimwona anawaangalia wale wa vibati vya njano, wale waliobaki, wale anaotegemea kurudishiwa pesa. Nilijua anahesabu nini kichwani na sikumsaidia.

"Mama Soipan," akasema, "nikimtoa Namba Nne, kundi halitatosha. Nitaanza upya mwaka mzima."

"Basi mpelekee mkebe," nikamwambia. "Si mafuta ni mafuta?"

Asubuhi alimfunga Namba Nne kamba. Tukaenda kwa pikapu ya Isaac, mimi nikiwa nimeketi mbele kwa sababu nilikataa katakata kukosa. Kule Illasit wazee walikuwa wameketi nje ya nyumba ya babake Linda. Walimkagua yule kondoo mkia wote, wakaridhika, wakaguna. Mzee mmoja hata alisema hajaona mkia kama huo tangu mvua ikatike. Linda akaitwa. Alitoka amevaa shuka safi, mashavu yamejaa, mtoto mgongoni. Mimi nilimtaka arudi, ninampenda yule msichana.

Alimzunguka kondoo polepole. Akashika kile kibati sikioni, akasoma namba. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamtazama mumewe usoni.

"Umempima?" akamuuliza.

Nilimfinya Parmuat mkono. Nilimfinya kweli, kwa kucha. Kulikuwa na majibu mengi pale, hata kunyamaza lingekuwa jibu.

"Kilo arubaini na moja," Parmuat akasema. "Asubuhi, kabla hajala."

Linda alitikisa kichwa, akampokonya kamba mkononi, akamwingiza kondoo ndani ya boma la babake, na akamwacha yeye nje.